Ghala Limejaa, Mtoto Kadumaa: Tuulizane Kwa Nini



Kuna jedwali moja ambalo kila nikilisoma linanikera. Ni jedwali la udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano, mkoa kwa mkoa, kwenye ule utafiti wa afya ya uzazi na mtoto unaofanyika nchini kila baada ya miaka kadhaa. Ungetegemea juu kabisa ukute mikoa mikavu, ile ambayo kila mwaka tunasikia imeomba chakula cha msaada. Wapi! Utafiti wa mwaka 2022 unaonyesha Iringa asilimia 57, Njombe asilimia 50, Rukwa asilimia 50. Wastani wa nchi nzima ni asilimia 30.

Yaani mikoa ile ile tunayojisifia kwamba ni ghala la taifa. Mahindi yake ndiyo yanajaza maghala ya hifadhi ya chakula pale Makambako na Sumbawanga. Viazi vya Njombe ndivyo chipsi tunazokula Dar. Halafu nusu ya watoto wa huko, na kwa Iringa zaidi ya nusu, ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Dar es Salaam, ambako hatulimi hata debe la mahindi, utafiti wa 2015/16 uliikuta na asilimia 15 tu.

Kingine kinachotisha ni mwelekeo. Nchi kwa ujumla imeshuka: asilimia 42 mwaka 2010, 34 mwaka 2015/16, 30 mwaka 2022. Iringa imekwenda kinyume: 42 mwaka 2015/16, 47 mwaka 2018, 57 mwaka 2022.

Nimekaa sana maeneo hayo, kwa hiyo leo naomba tulichambue swala hili taratibu, maana naona linazungumzwa kwa kejeli kuliko kwa akili.

KWANZA, UDUMAVU NI NINI?

Wengi tukisikia utapiamlo tunafikiria mtoto mwenye mbavu za kuhesabika, au aliyevimba miguu na nywele kubadilika rangi. Huyo yupo, lakini si wengi: mwaka 2022 watoto wakondefu nchini walikuwa kama asilimia 3. Mtoto aliyedumaa ni mwingine. Anacheza, anacheka, ana mashavu. Ukimwona peke yake huoni kitu. Mpaka umpime urefu, uulize umri wake, uangalie kwenye chati, ndipo unagundua huyu wa miaka mitatu ana urefu wa mtoto wa miaka miwili.

Na kwa kuwa nusu ya wenzake wako hivyo hivyo, pale kijijini anaonekana wa kawaida. Mama halalamiki, baba haulizi, mwenyekiti wa kijiji hana habari.

Hasara yake ni nini? Si ufupi wenyewe. Kuna watu wafupi hodari kuliko sisi warefu. Hasara ni kwamba kile kilichozuia mifupa isikue mara nyingi kimezuia na ubongo, na kinga ya mwili. Hasara kubwa inatokea ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anafikisha miaka miwili. Baada ya hapo kuirudisha ni kazi ngumu sana. Huyo ndiye tutakayekuja kumlaumu darasani eti hashiki hesabu.

ETI WATU WA HUKO NI WAFUPI KWA ASILI

Hii nimeisikia sana, hata kwa wasomi. Jibu lipo. Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilisimamia upimaji wa watoto kwenye nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichukuliwa watoto waliolelewa katika mazingira mazuri: wamenyonyeshwa vizuri, mama havuti sigara, wana chakula na huduma za afya. Ikaonekana kwamba mpaka miaka mitano, wa Accra na wa Muscat na wa Oslo wanarefuka karibu sawasawa. Chati tunazotumia kliniki leo zimetoka hapo. Kwa hiyo kijiji ambacho nusu ya watoto wamedumaa hakina kabila fupi. Kuna kitu kinawazuia watoto kukua.

Wengine wanasema ni ulanzi. Wengine wanasema ni ujinga wa akina mama, wapewe elimu ya lishe. Sikatai kwamba pombe inakula hela ya nyumba, wala sikatai elimu. Lakini ukiishia hapo umemtupia mzigo mwanamke mmoja na jiko lake. Hebu tutazame kijiji kizima kinaendeshwaje.

MUDA WA MAMA

Nianze na kitu ambacho hakiandikwi sana kwenye vipeperushi: saa.

Nyanda za Juu Kusini mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Hapo ndipo kazi zote zinajirundika: kupanda, kuweka mbolea, palizi. Mashamba mengi yako mbali na nyumba. Mama anatoka alfajiri, anarudi jioni, halafu kuni, halafu maji. Ukienda Mufindi unakuta na vibarua vya chai na misitu, Njombe kuna vya viazi na siku hizi parachichi. Analipwa kwa kazi aliyomaliza, sio kwa kukaa na mtoto.

Sasa mtoto wa mwaka mmoja anabaki na nani? Na dada yake wa miaka saba, au bibi. Asubuhi umepikwa uji, umewekwa kwenye chupa au sufuria. Atakunywa ule ule mchana, umepoa. Jioni atakula ugali na wakubwa, akiwa nusu usingizi.

Tumbo la mtoto huyo ni dogo. Anahitaji kula mara nyingi, kidogo kidogo, chakula kizito chenye mafuta, maharage, dagaa, yai. Uji mwepesi wa mahindi unajaza tumbo bila kujaza mwili. Akishiba maji ya uji anakataa, sisi tunasema ameshiba.

Mama anajua haya! Muulize atakutajia makundi yote ya chakula kama alivyofundishwa kliniki. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wetu walikuwa wanafundisha kutumia kimea: unaotesha ulezi au mtama, unakausha, unasaga, kijiko kimoja cha unga ule kwenye uji mzito kinaulainisha bila kuongeza maji, mtoto anaweza kunywa uji wenye nguvu zaidi. Ni kitu kizuri kabisa. Lakini kuotesha, kuanika na kusaga ni kazi juu ya kazi. Anayepungukiwa na saa huwezi kumsaidia kwa kumwongezea kazi.

FEDHA INAPITIA MKONO WA NANI

Ghala likijaa haina maana nyumba ina hela, na nyumba ikiwa na hela haina maana mtoto anakula yai.

Mahindi yanavunwa kuanzia Mei mpaka Julai. Kila mtu anavuna wakati mmoja, bei inaanguka. Lakini madeni ya mbolea yanasubiri, mahitaji ya shule yanasubiri, kwa hiyo mkulima anauza wakati huo huo wa bei mbaya. Kwenye viazi kuna lumbesa, gunia lililovishwa kofia, unauza gunia moja na kitu na kulipwa gunia moja. Ikifika Januari na Februari, wakati wa palizi, nyumba nyingi zilizouza mahindi zinayanunua tena kwa bei ya juu. Na huo ndio wakati ambao mama anafanya kazi nyingi kuliko wakati wote, pengine ana mimba.

Halafu kuna swala la nani anashika hizo hela. Zao la biashara mara nyingi ni la baba hata kama mikono iliyopalilia ni ya mama. Cha mama ni bustani ya mboga, maharage kidogo, na kuku. Na kuku na mayai yenyewe ndiyo benki yake: anauza apate sabuni, chumvi, mafuta ya taa, daftari. Kuku akichinjwa ni kwa ajili ya mgeni. Hapo sioni ujinga. Ni hesabu ya mtu asiye na pesa nyingine mkononi.

Kuna takwimu moja inayonifanya nisikubali wanaosema ni umaskini tu basi. Mwaka 2015/16, kwenye familia maskini kabisa nchini waliodumaa walikuwa asilimia 40. Kwenye familia tajiri kabisa walikuwa asilimia 19. Umaskini una uzito mkubwa, umezidisha tatizo mara mbili. Lakini hebu angalia hao matajiri: karibu mtoto mmoja kati ya watano! Hela zipo na bado. Ukiwa na hela kwenye kijiji ambacho soko lake linauza mahindi, viazi na sabuni tu, utamnunulia mtoto nini? Samaki wako mbali, maziwa ya kununua hakuna, zahanati iko kilomita nyingi. Hela yako binafsi haiwezi kununua kitu ambacho kijiji hakina.

MAJI, VYOO NA MARADHI

Mtoto anayeharisha kila mwezi anapoteza alichokula, na akiumwa hataki kula. Maji machafu na vinyesi ni sehemu ya hadithi. Lakini hapa nataka tuwe wakweli, kwa sababu kuna majaribio makubwa yalifanyika, Bangladesh na magharibi mwa Kenya (Kakamega, Bungoma na Vihiga) matokeo yakatoka 2018, na Zimbabwe yakatoka 2019. Familia zilipewa vyoo bora, vifaa vya kunawia mikono na dawa ya kutibu maji. Wengine walipewa chakula cha nyongeza cha mtoto. Chakula kile kilisaidia urefu kidogo. Vyoo na kunawa havikuongeza urefu hata kidogo.

Je, maana yake usafi ni bure? Hapana. Maelezo ya watafiti wengi ni kwamba hatua ndogo za nyumba kwa nyumba hazikutosha kusafisha mazingira ya mtoto. Wewe una choo, jirani hana. Wewe unatibu maji, kuku wanatembea pale mtoto anapotambaa na kutia mkono mdomoni. Maji ya bomba yanayofika nyumbani ni kitu kingine kabisa na kidonge cha kutibu ndoo. Na maji ya bomba hayaletwi na mama mmoja, yanaletwa na kijiji na serikali.

Nyanda za Juu Kusini kuna na mzigo mwingine. Utafiti wa 2022/23 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, na Iringa asilimia 11.1, hizo zikiwa juu kuliko mikoa mingine. Dawa zimeokoa wengi. Lakini miaka mingi ya msiba imeacha nyumba zinazolelewa na bibi, na nyumba ambazo nguvu kazi imepungua. Bibi wa miaka 70 anayelea wajukuu watatu, kimea ataotesha saa ngapi?

IRINGA ILISHAWAHI KUFUNDISHA DUNIA

Hapa ndipo ninaposikitika zaidi. Mkoa huu unaoongoza leo kwa udumavu ndio ule ule ambao miaka 40 iliyopita wataalamu wa lishe wa dunia walikuja kujifunza.

Mwaka 1983 ulianza mradi wa lishe Iringa (wakati huo Njombe ilikuwa ndani yake), wa serikali yetu, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, fedha zikitoka serikali ya Italia. Ulianza na vijiji 168 vyenye watoto kama 46,000. Haukuanza kwa kugawa chakula. Ulianza kwa kupima. Kila miezi mitatu kijiji kizima kilikusanyika, watoto wanapimwa uzito, matokeo yanawekwa wazi kwa rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Halafu kamati ya kijiji inakaa: wangapi wako kwenye nyekundu? Kwa nini? Tutafanya nini kabla ya kupima tena? Majibu yakawa ya kijiji chenyewe. Wengine walianzisha sehemu za kulelea na kulisha watoto mama akiwa shambani. Wahudumu wa afya wa vijiji wakafundishwa.

Mwaka 1984 watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 56. Mwaka 1988 walikuwa 38. Wenye hali mbaya kabisa walishuka kutoka kama asilimia 6 mpaka chini ya 2. Uzoefu wa Iringa ulichangia sana ule mchoro wa UNICEF wa mwaka 1990 unaofundishwa vyuoni duniani kote: juu kuna ulaji na maradhi, chini yake chakula cha nyumbani, matunzo ya mama na mtoto, maji na huduma za afya, na chini kabisa uchumi, siasa na nani anamiliki nini. Mchoro huo una damu ya vijiji vyetu.

Sasa mbona tumerudi huku? Nadhani mambo mawili. La kwanza, tulipima uzito, hatukupima urefu. Watoto waliacha kufa (nchini vifo vya chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 147 kwa kila 1,000 mwaka 1999 mpaka 43 mwaka 2022, jambo la kushukuru kabisa) lakini waliobaki hai hatukuwatazama kama wanakua. La pili, kupima kuliondoka kwenye mkutano wa kijiji kukarudi kliniki. Leo namba anaiona nesi na mama. Mama anaambiwa "mlishe vizuri," anaitikia, anarudi shamba. Kijiji hakijui kwamba nusu ya watoto wake wamedumaa, kwa hiyo hakina la kujadili.

TUFANYE NINI?

Sio kwamba serikali imelala. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa 1973. Maafisa lishe wako halmashauri. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, na halmashauri ziliagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yao. Halmashauri yenye watoto 30,000 maana yake milioni 30. Si hela nyingi, ila ukiuliza kwenye kikao zimetumika nini, mara nyingi utasikia semina, mafuta ya gari na siku ya maadhimisho.

Mimi napendekeza hivi:

1. Mtoto apimwe urefu, sio uzito tu, na matokeo ya kijiji (bila majina) yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kama mapato na matumizi yanavyosomwa.

2. Hizo shilingi 1,000 zianze na sehemu za kulelea watoto wakati wa palizi, Desemba mpaka Machi. Mama wawili wanalipwa posho, unga na maharage vinatoka kijijini, watoto wanakula mara tatu mchana. Mashamba makubwa ya chai na parachichi nayo yawe na sehemu kama hizo kwa vibarua wao.

3. Wanaume waitwe kwenye mazungumzo haya. Mwenye kauli ya mwisho juu ya hela ya mahindi ndiye anayetakiwa kusikia kwamba mtoto wake amepungukiwa sentimita nane.

4. Kisima, barabara ya soko na lumbesa vihesabiwe kuwa ni mambo ya lishe. Afisa lishe peke yake na vipeperushi vyake hawezi.

Haya hayahitaji sayansi mpya. Yalishafanyika, kwa Kiswahili, na watu ambao baadhi yao bado wapo hai vijijini huko. Mtoto aliyezaliwa Iringa mwezi huu ana siku kama 730 kabla ya kufikisha miaka miwili, na palizi ya kwanza ya maisha yake inakuja.

Wadau mlioko Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma, na hasa wazee mnaokumbuka siku za kupima watoto kijijini miaka ya themanini, naomba mseme. Kwenu kupima kuliisha lini, na nani aliamua? Na nyie mnaokaa kwenye vikao vya halmashauri, ile 1,000 ya mtoto mwaka huu imekwenda wapi?

Nawasilisha.